Mgombea Aliyezaliwa Taveta

Kofia ilikuwa mezani kwa Bwana Pelham, Mzungu mkuu wa polisi, juu ya ramani ya Jimbo la Kaskazini, na Sajini Dismasi Shirima aliambiwa aitazame vizuri kwa sababu ndiyo iliyomaliza kesi.

"Ni ya Elieza Sumari," alisema Pelham. "Mwenyewe amekiri. Imeokotwa leo asubuhi shambani kwa yule bibi, karibu na mfereji alikoangushwa. Unataka nini zaidi?"

Dismasi aliigeuza. Ilikuwa kofia ya kitambaa kizito, ukingo umelegea, na ndani ilinuka magunia.

"Nani aliyeiokota, Afande?"

"Mika Ayo, mtunza ghala wa Chama cha Wakulima wa Kahawa. Alikuwa na wazee wa Chama. Wote wameona."

"Na Elieza anasemaje?"

"Anasema hakumgusa. Lakini nikimwuliza jana asubuhi alikwenda kwa bibi kufanya nini, ananyamaza." Pelham aliikunja ramani. "Ijumaa Chama kinachagua Rais. Wagombea ni wawili, Mika na Elieza. Sheria yao wenyewe inasema Rais awe mzaliwa wa mlima wa Meru. Elieza alizaliwa Taveta, Kenya. Mtu pekee aliye hai aliyekuwa na mama yake huko ni Bibi Penina. Sasa bibi amelala hospitali, kichwa kimepasuka, hasemi. Mambo yako wazi."

"Elieza hajawahi kuficha alikozaliwa, Afande. Anatangaza mpaka sokoni. Ameingia kugombea ili sheria hiyo ifutwe."

"Watu hubadili maneno kura ikikaribia." Pelham aliinuka. "Kenya kuna Mau Mau, Sajini. Sitaki mtu wa Kenya awe rais wa kitu chochote huku, hata cha kahawa. Leo mnachagua rais wa kahawa, kesho mtataka kuchagua rais wa nchi. Lori la Namanga, la kuwarudisha watu Kenya, linaondoka Ijumaa asubuhi, naye atakuwa ndani. Andika ripoti yako."

"Nitaandika nikimaliza kuuliza," alisema Dismasi, akaichukua kofia.

Elieza Sumari alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mahabusu kana kwamba yeye ndiye aliyewaita polisi. Alikuwa mtu mrefu, aliyewahi kufundisha shule ya misheni kabla ya kuacha chaki na kushika jembe. Shati lake lilikuwa na damu iliyokauka begani.

"Damu ya nani?" aliuliza Dismasi.

"Ya Bibi Penina. Nilishika machela kutoka mferejini mpaka hospitali. Nikakaa pale kitandani kwake hadi askari wenu waliponichukua leo mchana."

"Mahali ulipozaliwa?"

"Taveta. Andika kwa herufi kubwa."

Dismasi aliweka kalamu chini. "Sikiliza, Bwana Elieza. Mama yako amekwisha kufa. Bibi hasemi. Ukisema ulizaliwa hapa Meru, lori halina sababu ya kukuchukua. Nani atakubishia?"

"Mimi."

"Unalijua hilo lori linakwenda wapi?"

"Ninajua." Elieza alisogea mpaka kwenye nondo. "Baba yangu alichukuliwa na Mdachi kubeba mizigo ya vita vyake na Mwingereza. Mama akamfuata na mimba. Wakati huo Mdachi alikuwa ameikamata Taveta. Siku niliyozaliwa mimi, Taveta na Meru zilikuwa chini ya bendera moja. Baba akafia huko, mama akanibeba mgongoni hadi hapa, na sijui mlima mwingine. Leo naambiwa mimi ni mgeni! Umwulize Bwana Pelham, yeye alizaliwa wapi?"

"India," alijibu Dismasi. "Aliwahi kunieleza."

Elieza alicheka mpaka askari wa zamu akachungulia. "Mzaliwa wa India anamrudisha Kenya mtu wa Meru!"

Dismasi hakucheka. "Jana asubuhi ulikwenda kwa Bibi Penina. Kwa nini?"

"Aliniita."

"Akwambie nini?"

"Hilo sisemi."

"Litakufunga."

"Basi linifunge."

"Na kofia?"

"Niliisahau ghalani Jumatatu. Tulikuwa na kikao, tukagombana juu ya ile sheria, nikatoka kichwa wazi. Ilikuwa msumarini karibu na mizani. Tangu hapo sikuiona tena mpaka Bwana Pelham aliponionyesha."

"Aliyefunga ghala ni Mika?"

"Sikumtaja mtu, Sajini. Umemtaja wewe."

Dismasi alichukua tena kalamu yake. Mtu mwenye jambo la kuficha kwa kawaida hutafuta mtu wa kumsingizia. Huyu alikuwa amefunguliwa mlango wa kumsingizia mpinzani wake, akaufunga mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Dismasi alipita Sekei kwa baiskeli, akafuata barabara ya Moshi, kisha akaiacha na kuanza kupanda. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka mlimani pamoja na ukungu, na migomba ilidondosha maji. Alipitia kwanza hospitali ya misheni. Bibi Penina alikuwa bado amefumba macho, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, lakini muuguzi Anyesi alisema pumzi yake imetulia.

"Elieza aliondoka hapa wakati wowote tangu Jumanne?" aliuliza Dismasi.

"Hapana. Nilimpa chai mwenyewe jana kulipopambazuka. Nilimwambia aende nyumbani akabadili shati, akakataa. Aliondoka na polisi."

Nyumbani kwa Bibi Penina alimkuta Tabea, mke wa mwanawe bibi, akibeba ndoo. Mumewe alikuwa kazini Moshi.

"Shikamoo, Bwana Sajini."

"Marahaba, Mama. Pole kwa matatizo. Nionyeshe alipoangukia."

Tabea alimpeleka nyuma ya zizi, mahali mfereji unapopinda. Palikuwa na jiwe la ukingoni lenye doa jeusi. Kati ya jiwe na zizi kulikuwa na rundo la majani ya migomba ya kulisha ng'ombe, nusu limeliwa.

"Kofia iliokotwa wapi hasa?"

"Hapa." Aligusa rundo kwa mguu. "Juu ya haya majani."

"Juu, au chini yake?"

"Juu. Ilikaa kama kuku anayeatamia. Nilikuwa mlangoni, nikamwona Bwana Mika anainama kuiokota."

Dismasi alichuchumaa, akaokota jani moja, akatazama lilipokatwa. "Majani haya ulikata lini?"

"Jana asubuhi. Jumanne jioni sote tulikuwa hospitali, ng'ombe hawakupata kitu. Niliporudi jana walikuwa wanalia mpaka majirani wanasikia. Nikakata, nikarundika hapa, nikaingia ndani kuwasha moto."

"Kabla ya kuyarundika, hapa palikuwa na nini?"

"Udongo mtupu. Nilipafagia kwa sababu palikuwa na damu."

"Kofia ingekuwapo..."

"Ningeifagia." Tabea aliweka ndoo chini. Alikuwa ameelewa. "Bwana Sajini, kofia haikuwapo."

"Nani alikuja ulipokuwa ndani?"

"Bwana Mika, peke yake. Akapiga hodi, akanipa pole, akasema atawasubiri wazee huko nje. Wazee walipofika wakazunguka kuangalia, ndipo nikamsikia anasema, 'Ehe, hii si kofia ya Elieza?'"

"Kwa nini hukumwambia askari aliyekuja jana?"

Tabea alishika kiuno. "Askari wako aliniambia, mwanamke kaa ndani, tunazungumza na wazee. Nikakaa ndani. Leo wewe umeniuliza, nimekujibu. Nitajibu hivi hivi mbele ya hakimu, na mbele ya Bwana Mika, akitaka hata leo."

Dismasi aliandika maelezo yake, akamsomea, Tabea akayakubali. Kisha akauliza swali la mwisho. "Bibi aliwahi kusema lolote juu ya Mika?"

"Jumatatu jioni alisema Mika amezidi na hiyo sheria yake ya kuzaliwa mlimani, atamwambia aache. Nikamwuliza, mtu mkubwa kama Mika atakusikiliza wewe? Akasema, atanisikiliza, mama yake na mama yake Elieza nilitembea nao."

"Kutembea nao kutoka wapi?"

"Hakusema. Mambo ya zamani. Sikuuliza."

Ghala la Chama lilikuwa la mabati, na ndani kulikuwa na joto la magunia. Mika Ayo alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, koti jipya, viatu vimeng'arishwa. Mbele yake, juu ya gunia, alikaa Mzee Naftali, mwenyekiti wa wazee wa Chama, ambaye kila mtu mlimani alijua kwamba anaiunga mkono ile sheria kwa moyo wake wote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmemaliza na yule wa Taveta?"

"Karibu, Mzee. Ningependa usikilize." Dismasi aliitoa kofia kwenye mfuko wa koti. "Bwana Mika, kabla ya jana uliiona wapi hii mara ya mwisho?"

"Kichwani kwa mwenyewe."

"Jumatatu, baada ya kikao, alitoka hapa ameivaa?"

"Sikuangalia. Alitoka na hasira."

"Alitoka kichwa wazi," alisema Mzee Naftali. "Nilimwita arudi aichukue, hakugeuka. Ilibaki pale." Alinyoosha fimbo kuelekea msumari karibu na mizani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Ufunguo wa ghala anao nani?"

Mika alifunga kifungo cha koti. Mzee Naftali akamjibia. "Anao yeye. Hakuna mwingine."

"Kufuli limevunjwa?"

"Labda alirudi," alisema Mika, akisimama. "Labda alirudi Jumanne nikiwa nimefungua, akaichukua, akaenda nayo kwa bibi. Nitajuaje? Na wewe ni Mchaga wa Rombo. Unajua nini habari za mlima huu?"

"Ninajua majani ya migomba," alisema Dismasi. "Bibi alianguka Jumanne. Kofia uliiokota Jumatano, juu ya majani ambayo Tabea aliyakata Jumatano hiyo hiyo, mahali alipokwisha kupafagia. Kwa hiyo aliyeiweka aliiweka baada ya majani kukatwa. Wakati huo Elieza alikuwa hospitali anakunywa chai ya Anyesi. Aliyekuwa nje ya zizi, peke yake, ulikuwa wewe."

Mzee Naftali aligeuza kichwa polepole. "Mika?"

"Uongo wa mwanamke! Nimdhuru bibi kwa faida gani? Bibi alikuwa shahidi wangu! Yeye ndiye angesema Elieza alizaliwa wapi!"

"Hilo Elieza analisema mwenyewe, halihitaji shahidi. Nikajiuliza, basi bibi angesema nini ambacho hakijasemwa?" Dismasi alisogea hatua moja. "Bwana Mika, wewe ulizaliwa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mika swali hilo. Ilionekana usoni.

"Hapa! Mlimani hapa!"

"Bibi Penina alitembea na mama yako na mama yake Elieza. Walitembea kutoka wapi?"

Mika alitazama mlango. Mzee Naftali, bila kusimama, alinyoosha fimbo yake ikakata njia. Haikuwa fimbo ya kumzuia mtu mwenye nguvu kama Mika, lakini Mika alirudi nyuma, akakaa, na koti lake jipya likajikunja mabegani.

"Nilikwenda kumwomba asiseme," alisema. "Basi. Jumanne asubuhi alikuja dirishani kwangu, akaniambia, Mika mwanangu, wewe ulilia kabla ya Elieza, kibanda kimoja, Taveta, na mimi ndiye niliyewapokea nyote. Mchana nikamfuata mferejini kumwomba. Akasema, acha sheria hiyo, nami nitanyamaza. Usipoacha, Ijumaa nitasimama mbele ya watu. Nikamsukuma. Sikuona jiwe."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka."

"Akiwa anapumua."

Mika aliinamisha kichwa. Dismasi alitoa pingu. Mika alinyoosha mikono bila kuombwa, kisha akaikaza, hataki zifungwe mpaka aseme.

"Sajini, andika nimemsukuma. Andika na kofia. Nitafungwa, sawa. Lakini usiandike nilikozaliwa."

"Ndiyo sababu ya kesi nzima, Bwana Mika."

"Andika hasira! Andika tuligombania maji ya mfereji. Watu hugombania maji, wataelewa. Hilo jingine usiandike, nakuomba, nina watoto hapa."

"Elieza naye ana watoto hapa," alisema Dismasi, akafunga pingu.

Mzee Naftali alikuwa bado amekaa kwenye gunia lake. "Ulikuja nyumbani kwangu na sheria hiyo mkononi," alimwambia Mika. "Ukanisihi niitetee. Kumbe ulikuwa unajificha nyuma yangu!"

Pelham alisikiliza ripoti akiwa amesimama dirishani. Kufikia alasiri habari nyingine ilikuwa imeshuka kutoka hospitali. Bibi Penina alikuwa amefumbua macho, ameomba uji, na amesema jina la Mika.

"Vizuri," alisema Pelham. "Mika ana kesi. Elieza bado ana lori. Alizaliwa Kenya, hilo halijabadilika."

"Mika naye alizaliwa huko huko, Afande. Tutampeleka mmoja na kumbakiza mwingine?"

"Sajini."

"Ripoti yangu inakwenda kwa hakimu. Nimeandika kwamba Taveta ilikuwa mikononi mwa Wadachi walipozaliwa hawa watu, sawa na Meru. Hakimu atauliza kwa nini shahidi wa kesi amepakiwa kwenye lori. Nitakuwa kizimbani, nitajibu."

"Unanitisha?"

"Hapana, Afande. Naripoti."

Pelham aligeuka. Uso wake ulikuwa umeiva. "Unajua kwamba kwa mstari mmoja tu naweza kukurudisha Rombo ukalime migomba?"

"Unaweza. Huko nako mpaka umepita katikati ya ukoo wetu. Shangazi yangu amezikwa ng'ambo, baba yangu amezikwa huku, na makaburi yanaonana. Sijui ni nani kati yao aliyekuwa mgeni." Dismasi aliweka karatasi ya kumwachia Elieza mezani, akaweka kalamu juu yake. "Sahihi yako, Afande."

Mwishowe Pelham alitia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika pembeni. "Utakuwapo kwenye mkutano wao kesho. Kukiwa na fujo, ni juu yako."

Elieza alipotoka mahabusu Dismasi alitembea naye mpaka Sekei. Hapo akasimama.

"Ulijua habari za Mika. Bibi alikuitia hilo."

"Nilijua."

"Neno moja lingekutoa."

"Lingenitoa mimi, na kumpakia Mika kwenye lori langu. Silikatai lori kwa ajili yangu peke yangu, Sajini. Nalikataa lenyewe."

Ijumaa watu walijaa uwanja wa ghala. Habari za Mika zilikuwa zimekwisha kuzunguka mlima mzima, na Elieza alipotokea, mtu akapaza sauti, "Mgombea amebaki mmoja! Tumchague, sheria tuiache ilivyo, twende nyumbani!" Wengi wakashangilia.

Elieza aliinua mkono. "Hapana. Mkinichagua huku sheria ipo, mtakuwa mmenionea huruma. Sikuja kuomba huruma. Ifuteni, au mnikatae mimi hapa, mchana, nikiwaona."

Mzee Naftali alisimama.

"Nitasema kwa sababu mimi si mwoga," alisema. "Rais ndiye atakayetuuzia kahawa na kutusemea mbele ya Wazungu. Mashamba yetu ya kule bondeni wameyachukua watu waliotoka nje. Leo mnataka mtu aliyezaliwa nje awe juu yetu? Mika amefanya ubaya, ndiyo. Ubaya wa Mika haujaifanya sheria kuwa mbaya."

"Mzee, umesema haki yako," alijibu Elieza. "Lakini waliochukua mashamba hawakuyachukua kwa sababu walizaliwa mbali. Waliyachukua kwa sababu walikuwa na bunduki, na sisi tulikuwa kila mtu na lake. Mika naye tulimdhania mzaliwa wa hapa miaka yote, na hakuna aliyeona tofauti kati yangu na yeye, kwa sababu haipo. Niulizeni nimefanya nini hapa. Hilo nitajibu. Mama yangu alikuwa wapi uchungu ulipomshika, mimi sikuulizwa."

Wakakubaliana wapige kura kwa kusimama mistari. Wanaotaka sheria ibaki wasimame upande wa ghala, wanaotaka ifutwe wasimame upande wa mibuni. Miguu ilianza kusogea. Ndugu wakaachana. Tabea akaenda upande wa mibuni, na mzee mmoja akamwambia wanawake hawana kura.

"Bibi Penina ni mwanachama, ana mibuni yake," alisema Tabea. "Amenituma nisimame mahali pake. Anayetaka kuniondoa aje aniondoe."

Hakuna aliyekwenda. Dismasi, aliyekuwa amesimama kando akisubiri fujo, aliangalia juu milimani kana kwamba hakusikia.

Mzee Naftali alikuwa upande wa ghala, na kwa kuwa ni mwenyekiti, kazi ya kuhesabu ilikuwa yake. Alipita mstari mmoja akigusa kila bega kwa fimbo, akapita mwingine. Kisha akarudi mwanzo, akahesabu tena, na watu wakaanza kunung'unika. Alipomaliza alirudi katikati ya uwanja. Sauti yake ilikwaruza.

"Nimerudia kwa sababu sikukipenda nilichokiona. Wanaofuta ni wengi. Sheria imefutwa." Alingoja vigelegele viishe, uso umekaza. "Mimi simo kati yenu, na mwakani nitaileta tena. Jiandaeni." Kisha akamgeukia Elieza na kumpisha kando ya mizani iliyotolewa nje. "Mgombea ni mmoja. Haya Rais, pita mbele. Watu wamekaa na kahawa yao tangu asubuhi."